Nani Atazisoma Barua za Vita za Taita?

Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya huandika barua nyingi kabla ya kukanyaga chuo kikuu. Ameandika barua ya kirafiki, barua ya kuomba kazi, barua kwa mhariri na barua ya malalamiko kwa chifu kuhusu ukosefu wa maji. Amekatwa alama kwa kusahau anwani, na amesifiwa kwa kutia methali katika aya ya kwanza. Akishaingia chuoni, barua hutoweka ghafla. Katika kozi za fasihi hukutana na riwaya, tamthilia, ushairi, hadithi fupi na fasihi simulizi. Barua ataikuta kama mbinu tu, imefichwa ndani ya riwaya. Yaani barua imepewa ruhusa ya kuingia fasihini mradi imetungwa na mtu ambaye hakuwa na haja ya kuituma.

Hasara ya mgawanyo huu huonekana wazi sana katika Kaunti ya Taita Taveta. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa katika ardhi hiyo. Vita vya Pili vilipitisha vijana katika stesheni ya Voi kuelekea Kilindini na ng'ambo. Kambi ya Manyani ilijengwa huko wakati wa Hali ya Hatari. Na leo pana chuo kikuu chenye wanafunzi wa kike waliozaliwa wakati ambapo barua ya karatasi ilikuwa inaelekea kufa. Makala haya yanashikilia kwamba mawasiliano ya wanawake na watu wao walio vitani ni utanzu unaostahili kukusanywa, kuhaririwa na kufundishwa katika idara za Kiswahili, na kwamba mwanachuo wa kike wa Voi ndiye mtafiti anayefaa zaidi kwa kazi hiyo. Wako watakaoiona hoja hii kuwa ya ajabu. Ni vyema basi kuanza na yale yasiyo na ubishi.

Wajerumani waliuteka mji wa Taveta mnamo Agosti 1914, majuma machache tu baada ya vita kuanza Ulaya. Waingereza wakajenga reli kutoka Voi kuelekea magharibi, wakaweka kambi Bura, Maktau na Mbuyuni, na tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini wakashambulia kilima cha Salaita na kurudishwa nyuma. (Wenyeji husimulia kuwa jina hilo limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya machinjo, wanaisimu wana haki ya kulitilia shaka.) Mwezi Machi mwaka huohuo vilima vya Latema na Reata vilitwaliwa, na vita vikahamia Tanganyika. Haya yote yanajulikana vizuri kwa sababu walioyapitia waliandika. Francis Brett Young, daktari wa jeshi la Waingereza, alichapisha kitabu chake juu ya kampeni hiyo mwaka 1917, hata kabla vita havijakwisha. Afisa Wilbur Dartnell aliyeuawa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915 ana kaburi lenye jina lake katika makaburi ya vita ya Voi, na mtu yeyote anaweza kwenda kulisoma.

Wachukuzi hawana bahati hiyo. Maelfu kwa maelfu ya Waafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi walikufa kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Waliloachia lugha ni neno Kariakoo, linaloishi Nairobi na Dar es Salaam kama jina la mtaa na soko. Sanamu zao ziko Nairobi na Mombasa, na maandishi ya Kiswahili yamechongwa chini yake, lakini majina ya watu hayamo. Wake zao walipashwa habari kwa mdomo, na mdomo hauwekwi katika hifadhi ya nyaraka. Hali ya watu wa Kasighau ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1915, baada ya Wajerumani kushambulia kituo cha Waingereza mlimani hapo, wakazi walishukiwa kumsaidia adui, wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, wanawake na watoto pamoja nao. Wengi walifia huko. Habari zao zimebaki katika masimulizi ya wazee na katika karatasi za maofisa waliowahamisha. Kuhusu Vita vya Kwanza, basi, mtafiti wa Kiswahili hana budi kutegemea fasihi simulizi, na hilo si jambo geni kwake.

Vita vya Pili ni habari nyingine. Kati ya 1939 na 1945 hali ilikuwa imebadilika kwa namna ambayo wahakiki wa fasihi hawajaipa uzito unaofaa. Shule za misheni zilikuwa zimekaa Taita kwa zaidi ya nusu karne: Sagalla tangu miaka ya 1880, Bura tangu miaka ya 1890. Huko Taveta wamishenari wa CMS walianza kuchapisha gazeti lao mwaka 1895. Kiswahili kilikuwa kimeundiwa kamati ya kukisanifisha mwaka 1930. Gazeti la Baraza lilianza Nairobi mwaka 1939. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya amri katika vikosi vya KAR, na jeshi lenyewe liliwafundisha askari wengi kusoma na kuandika. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Afrika Mashariki, maelfu ya wanaume wa kawaida, wasio makarani wala masheikh, waliandika barua za Kiswahili kutoka Uhabeshi, Ceylon na Burma. Kwa mara ya kwanza vilevile, maelfu ya wanawake wa kawaida walipaswa kuzijibu.

Walizijibuje? Wachache waliopitia shule ya misheni waliandika wenyewe. Waliosalia walimwendea mwalimu, katekista, karani wa chifu, au mtoto aliyekuwa darasa la tatu, wakasema na mwingine akaandika. Hapa ndipo penye utajiri ambao mhakiki wa fasihi angepaswa kuukimbilia. Mwanamke anayezungumza Kidawida anamwambia katekista jambo la siri kuhusu shamba, mbuzi na mkwe. Katekista analigeuza kuwa Kiswahili cha misheni, analipunguza ukali, anatanguliza salamu ndefu na kumtaja Mungu mahali ambapo mwanamke hakumtaja. Barua inafika kikosini. Huko mkaguzi wa jeshi anaifungua na kuisoma kabla ya mwenyewe. Kama askari bado hajui kusoma, rafiki anamsomea mbele ya wenzake. Sauti moja imepita katika vinywa na mikono minne. Nadharia za usimulizi zinazofundishwa vyuoni, pamoja na istilahi zake zote, zimeundwa kwa ajili ya matini rahisi kuliko hii.

Yaliyomo ndani ya barua hizo hayakuwa mapenzi matupu. Wanahistoria waliosoma ripoti za wakaguzi wa barua za jeshi, Timothy Parsons akiwa mmoja wao, wanaonyesha askari waliojaa wasiwasi juu ya ardhi, mifugo, mwenendo wa wake zao, karo za watoto na fungu la mshahara walilolikatia nyumbani. Kila swali la namna hiyo lilimfikia mwanamke aliyekuwa ameachiwa uamuzi. Auze ng'ombe au asiuze? Mtoto wa kike aendelee na shule, au karo itoshe kwa ndugu yake tu? Barua ya mke wa askari ni kumbukumbu ya maamuzi ya kiuchumi na kifamilia yaliyofanywa na mtu ambaye sheria na mila za wakati huo hazikumtambua kuwa mwamuzi.

Ripoti hizo za wakaguzi, hata hivyo, zina kasoro moja ambayo inapaswa kumuuma mpenzi wa Kiswahili. Mkaguzi alinukuu kile kilichoihusu serikali, na aghalabu alikinukuu kwa Kiingereza. Barua ya Kiswahili ilikwenda zake ikapotea. Kipande chake cha Kiingereza kikawekwa katika faili. Mtafiti wa leo anayetaka kujua askari wa Afrika Mashariki alivyomwandikia mkewe analetewa tafsiri ya adui wa siri zake, bila ya matini asilia.

Barua za wanawake zimepotea zaidi kuliko za wanaume, na sababu yake ni nyepesi: barua huhifadhiwa na anayeipokea. Mwanamke aliyepokea barua Wundanyi au Mwatate alikuwa na sanduku la bati, na sanduku lilikuwa na kufuli. Mumewe aliyepokea jibu alikuwa na mkoba mgongoni. Kikosi cha 11 cha Afrika Mashariki kilipita katika bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 wakati wa mvua za masika ya Asia, katika matope yaliyozamisha magari. Karatasi haingeweza kuishi humo. Wengine hawakufika hata huko. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani na kuzama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, wengi wao wakiwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki, na miongoni mwao walikuwamo wanawake wauguzi na wahudumu wa jeshi. Barua zilizokuwa mifukoni mwao zimo katika Bahari ya Hindi. Zile walizokuwa wameandika kabla ya kupanda meli huenda bado ziko katika masanduku ya wajukuu.

Tasnia ya Kiswahili inao mfano mmoja mzuri wa faida ya sanduku. Barua za Shaaban Robert za miaka ya 1931 hadi 1958 zilitunzwa na nduguye Yusuf Ulenge na kuchapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Vita vya Pili vimo katikati ya miaka hiyo. Hakuna aliyeuliza kama barua hizo ni fasihi. Jina la mwandishi lilitosha kujibu. Aidha, hakuna anayehoji Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambao kimsingi ni ujumbe wa mama mgonjwa kwa bintiye mmoja. Ni nadra wanafunzi kukumbushwa kwamba Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siu, mtu aliyepigana na Sultani wa Zanzibar kwa miaka mingi. Mwanamke wa vita akiandika kwa vina na mizani, huitwa mshairi. Akiandika kwa nathari, huitwa mama fulani. Tofauti hii haina msingi wa kinadharia. Ni mazoea tu.

Je, mwanachuo wa kike? Maktaba za Marekani na Uingereza zimejaa barua za wasichana wa vyuo wa miaka ya vita, wakisimulia mitihani, dansi, uhaba wa sukari na kaka aliye Ulaya. Mtu akitafuta kitu kama hicho Kenya atarudi mikono mitupu, na ni lazima aelewe kwa nini. Makerere, chuo kilichokuwa tegemeo la eneo zima, kilipokea wanawake sita wa kwanza mwaka 1945, mwaka uleule vita vilipokwisha. Hadi hapo kaulimbiu ya chuo iliwahimiza wanafunzi wawe wanaume, na ikabidi ibadilishwe. Shule ya wasichana iliyokuja kuitwa Alliance ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1948. Msichana wa Taita mwenye umri wa miaka 18 mwaka 1943, hata angekuwa na akili kama wembe, hakuwa na chuo kikuu cha kwenda. Nafasi yake katika mawasiliano ya vita ilikuwa ya kumwandikia mama yake.

Fasihi ya Kiswahili ilipomleta msichana wa chuo ukurasani, haikumtendea haki. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), barua ya mvulana inamletea Rosa kipigo cha babake, na safari yake kutoka shule ya sekondari hadi chuo cha ualimu Morogoro ni safari ya kuanguka. Kezilahabi alikuwa akimshtaki mzazi mkali, na wahakiki wamelieleza hilo vya kutosha. Lakini picha iliyobaki katika akili za wasomaji, na ambayo waandishi wadogo waliiiga kwa pupa, ni kwamba barua mkononi mwa msichana ni ushahidi wa dhambi na chuo ni shimo. Hata sasa mzazi wa kijijini anayemsindikiza bintiye kituo cha mabasi huwa amebeba picha hiyo bila kujua ilikotoka. Barua halisi zingeipinga. Zingemwonyesha msichana anayehesabu shilingi.

Maana maisha ya mwanafunzi wa kike wa Voi, kwa sehemu kubwa, ni ya kuhesabu shilingi. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake mwaka 2016 na kujijengea jina katika uhandisi wa madini, kiko nje kidogo ya mji, kando ya njia ya Mwatate. Mwanafunzi husubiri mkopo wa HELB unaochelewa, hukodi chumba pamoja na wenzake wawili, hupanda bodaboda jua likiwa kali au hutembea akiokoa nauli. Wapo ambao karo yao hulipwa na kaka aliye jeshini. Tangu Oktoba 2011, majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia katika operesheni ya Linda Nchi, kaka huyo anaweza kuwa yuko upande wa pili wa mpaka. Mawasiliano ya dada na kaka huyo, yale ya simu za saa tano usiku na ujumbe wa WhatsApp unaokaa na alama moja kwa siku tatu, ni barua za vita. Yana maswali yaleyale ya mwaka 1944: pesa zimefika? Mama yukoje? Shamba limepimwa?

Yana pia ukaguzi wake. Askari haruhusiwi kutaja aliko. Dada hujifunza kusoma anachonyamaza. Kambi ya El Adde iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, serikali ya wakati huo haikutaja hadharani idadi ya waliouawa. Pale ambapo taarifa rasmi imenyamaza, ujumbe wa mwisho uliomo katika simu ya dada huwa ndio waraka pekee wa kifo hicho. Na simu huibwa, huanguka majini, au huuzwa mwisho wa muhula ili kulipia chumba. Sanduku la bati lilikuwa hifadhi bora zaidi.

Miezi tisa hivi kabla ya El Adde, tarehe 2 Aprili 2015, mwelekeo wa barua uligeuka kabisa. Watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, wengi mno wakiwa wanafunzi. Waliojificha waliwapigia wazazi wao simu na kuwatumia ujumbe. Siku hiyo bweni ndilo lililokuwa uwanja wa vita, na nyumbani ndiko walikokaa wanaongoja. Hakuna kozi ya fasihi ya Kiswahili iliyo na istilahi kwa matini kama hayo, na si haki kuyakimbilia kwa pupa ya kitaaluma wakati wenyewe bado wanalia. Lakini kutokuwa na istilahi si sababu ya kujifanya kuwa matini hayapo.

Pingamizi zinatarajiwa. Ya kwanza, kwamba Voi ni chuo cha madini na si cha fasihi, ni dhaifu: idara za Kiswahili za Nairobi, Kenyatta, Moi, Maseno na Pwani zina wanafunzi waliotoka Taita, na mwanafunzi wa uhandisi anaweza kuwaonyesha nyumba ya bibi yake bila kuwa mhakiki. Ya pili ni nzito zaidi. Barua ni siri. Mjane wa Burma hakumwandikia mumewe ili mtahiniwa wa uzamili apate shahada. Ndiyo maana mtafiti anayefaa ni yule ambaye familia inamjua, ambaye ataketi na bibi mwenye sanduku, atamsomea barua zake mwenyewe kwa sauti, na atakubali kuondoka bila nakala akiambiwa aondoke bila nakala. Mwanamke mzee atamfungulia mjukuu wake wa kike kufuli ambalo hatamfungulia profesa. Wahadhiri wanaopenda kutuma wasaidizi wenye hojaji wanapaswa kulitafakari hilo.

Wapo pia watakaosema kazi hii ni ya wanahistoria. Wanahistoria wamekwisha kufanya yao. Wamesoma ripoti za wakaguzi. Derek Peterson na wengine wamesoma barua za malalamiko zilizoandikwa na mahabusu wa Mau Mau, na J. M. Kariuki amesimulia maisha ya Manyani katika kitabu chake cha 1963. Mwanahistoria huuliza barua inasema nini juu ya tukio. Swali la mwanafasihi ni jingine: kwa nini salamu imechukua nusu ya ukurasa, kwa nini habari ya kifo imeahirishwa hadi baada ya habari ya mahindi, nani anazungumza pale katekista anapoandika "mimi". Swali hilo bado halijaulizwa Taita.

Muda nao si mwingi. Mwanamke aliyekuwa bibi harusi wa miaka 18 mwaka 1944 alizaliwa mwaka 1926. Wachache mno wamebaki, na masanduku yanarithiwa na watu wanaoona ndani yake karatasi za kuwashia moto. Idara moja ikiruhusu tasnifu tano za uzamili juu ya barua za Taita Taveta, mbili zikihusu karatasi za zamani na tatu zikihusu simu za sasa, msingi utakuwa umewekwa.

Zitakapoletwa kwa wahariri wa majarida kama hili, barua hizo zitakuwa na makosa. Zitakuwa na Kiswahili cha KAR kisicho na upatanisho wa kisarufi, na sentensi zilizofikiriwa kwa Kidawida au Kisaghalla. Za vijana zitakuwa na Sheng na maneno yaliyokatwa irabu. Mhariri atashawishika kunyoosha, ili msomaji asitatizike. Aiweke chini kalamu nyekundu. Katekista alikwisha kunyoosha mara moja, na mkaguzi wa jeshi mara ya pili.